Breki ya Kiti cha Abiria

Kama yupo mtu aliyewahi kujaribu kumfundisha Mungu kuendesha gari, ni Mama Breki. Simsingizii. Kila Alhamisi saa kumi jioni, wanawake wa kikundi cha maombi walipokusanyika sebuleni kwake, yeye ndiye aliyeongoza, na aliongoza akiwa amesimama, macho wazi, maana kazi yake ilikuwa imemwondolea kabisa tabia ya kufumba macho mbele ya jambo lolote.

"Bwana," angeanza, "tunakuletea binti wa jirani. Mtihani wake ni Jumatano. Usingoje Jumanne jioni, Bwana, anza naye mapema. Kwanza mtulize. Halafu mkumbushe aliyoyasoma. Halafu mwangalie na yule msimamizi, nasikia ni mkali. Taratibu tu, usimkurupushe."

Wenzake waliitika amina, wengine wameuma midomo wasicheke. Hakuna aliyethubutu kumkosoa, kwa sababu binti wa jirani alifaulu, na Mama Breki akamshukuru Mungu kwa sauti ile ile aliyoitumia kumwambia mwanafunzi kwamba leo kona ameikata vizuri.

Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kiti cha abiria katika magari ya shule, yale yenye kibao juu ya paa, ambayo upande wa mwalimu yana breki ya pili. Breki hiyo ndiyo iliyompa jina, na ndiyo iliyomharibu. Akipanda gari la mtu mwingine, mguu wake wa kulia ulikuwa hautulii. Kwenye gari la kaka yake, zulia la upande wa abiria lilikuwa limetoboka mahali pamoja tu, kitundu cha ukubwa wa kisigino, na kaka mtu alikuwa amekata shauri kutompa lifti tena hata ya kwenda mazishini.

Mumewe alikuwa kinyume chake kabisa. Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita na hata mkewe, alikuwa mchomeleaji wa mageti na vitanda vya chuma, mtu wa maneno ya kuhesabu. Kuendesha alikuwa hajui, na haya hakuona. Mkewe akishika usukani wa kigari chao, yeye aliingia, akafunga mkanda, akakunja mikono na kusinzia kabla hawajaifikia barabara ya lami. Mama Breki alijaribu kumfundisha mara tatu. Mara ya kwanza walifika kwenye geti. Mara ya pili walifika kwenye geti, wakaligonga, na Fundi akalichomelea upya. Mara ya tatu alimshusha katikati ya uwanja wa mpira, akamwambia arudi nyumbani kwa miguu, na kwa siku mbili hawakusemezana isipokuwa kuulizana chumvi iko wapi.

"Mganga hajigangi," Fundi alisema siku ya tatu, na yakaisha.

Halafu jicho la kushoto likaanza kumsumbua.

Vilitangulia vimulimuli, kisha kivuli kikaanza kushuka upande mmoja kama pazia. Daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na mikono ya baridi, alimweleza bila kuzunguka. Utando mwembamba ulio nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, kama karatasi ya ukutani inavyobanduka kwa unyevu. Wangempasua, wangeurudisha mahali pake, na wangeacha ndani ya jicho kipovu cha hewa cha kuukandamiza mpaka ushike.

"Sasa hewa hupanda juu," daktari alisema. "Ili kipovu kikandamize kule nyuma, lazima uso utazame chini. Siku kumi na tano. Utakula umeinama, utatembea umeinama, utalala kifudifudi."

"Na nikiinua kichwa?"

"Usiinue."

Mama Breki alirudi nyumbani, akampa Mungu mpango kamili. Upasuaji ni Jumatatu, Bwana. Mshike daktari mkono wa kushoto, ndio anaoutumia, nimemwangalia. Mwisho wa mwezi niwe kazini, nina wanafunzi sita wanaongoja mtihani. Aliupanga kwa hatua, akaurudia mara mbili asije Mungu akachanganya, na akaenda hospitali moyo wake umetulia kabisa.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kasheshe ilikuwa ni safari ya kurudi. Aliyekuja kumchukua alikuwa mwanafunzi wake bora wa miaka yote, dereva ambaye tangu apate leseni hajawahi kukwaruza hata bampa, na nyuma alikaa wifi yake, dada wa Fundi, amepakata mfuko wa dawa. Mama Breki aliambiwa atazame magoti yake. Akayatazama mpaka kona ya kwanza. Hapo akasikia lori linanguruma upande wa pili, mguu ukakanyaga sakafu, sakafu haikujibu, na kichwa kikapanda chenyewe.

"Breki!" akapiga kelele.

Dereva alikuwa ameshafunga breki zamani. Lakini walipofika nyumbani kichwa kilikuwa kimepanda mara kumi na moja. Wifi alihesabu.

Utando haukushika. Jicho la kushoto likazimika, na halikuwaka tena. Daktari hakumlaumu. Alisema wakati mwingine haushiki hata mgonjwa akilala kama gogo, na kwamba asingeweza kuapa kuwa kichwa ndicho kilichoharibu. Mama Breki aliapa mwenyewe, kimoyomoyo. Ila chini ya kujilaumu huko kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alikuwa amemkasirikia Mungu. Alimpa maelekezo yote, kwa mpangilio, kwa heshima, na Mungu akanyoosha moja kwa moja pale alipoambiwa akate kona.

"Nilikuambia," alisema jikoni, huku anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Alhamisi iliyofuata akadai koo linamuuma, na mwingine akaongoza maombi.

Shuleni walimhamishia darasani, kufundisha alama za barabarani kwa fimbo. Daktari alimkataza kuendesha mpaka jicho lililobaki lizoee kufanya kazi peke yake, kwa hiyo kigari kikafunikwa turubai. Na Fundi akaanza kuchelewa kurudi kila Jumanne na Jumamosi, mikono yake safi kuliko inavyofaa mikono ya mchomeleaji. Mama Breki alikuwa na jicho moja, lakini jicho moja la mke linatosha. Alinyamaza, akangoja. Baada ya miezi miwili Fundi aliweka kitu mezani, pembeni ya sahani yake, kama mtoto anayeleta ripoti ya shule.

Ilikuwa leseni.

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wa shule ile ya ng'ambo ya barabara."

Mtaa mzima ulimwita mwalimu huyo Bwana Kioo, na kwa miaka kumi na minane yeye na Mama Breki walikuwa wakiibiana wanafunzi bila kusalimiana. Mama Breki aliishika leseni, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Ningekuta ni mwanamke," alisema, "ningejua pa kuanzia. Umefaulu mara ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Hilo lilimchoma zaidi. "Anafundishaje huyo?"

"Anakaa kimya," Fundi alisema. "Ukikosea anakohoa."

Mwezi wa tano tangu jicho la kushoto lizimike, Mama Breki akiwa anaosha vyombo asubuhi, vimulimuli vikaja katika jicho la kulia. Alivijua. Akaweka kikombe chini, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na kusema "Hapana," mara moja tu, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Daktari alipanga upasuaji keshokutwa yake.

"Hili ndilo limebaki," Mama Breki alimwambia, kana kwamba daktari hajui kuhesabu mpaka mbili.

"Najua, mama. Likishika hili utaona. Lisiposhika..." Daktari akaishia hapo.

Jioni ile alimwambia mumewe ukweli. Angelala hospitali usiku mmoja tu, kisha arudi nyumbani kifudifudi, kisha siku ya saba akaguliwe, na siku ya kumi na tano tena. Hayo yote ni safari. Na yeye kwenye kiti cha abiria alikuwa anajijua.

"Siwezi, Fundi. Nitainua kichwa. Sitaki, lakini kitapanda. Nikiwa garini sina breki, kichwa kinapanda chenyewe. Nitaliua na hili kwa mkono wangu."

Alilia, na Mama Breki hakuwa mtu wa kulia. Fundi alijikuna shingo kwa muda mrefu, kama anavyofanya mteja anapotaka geti la kipimo kisichowezekana.

"Basi nitakuwekea breki," alisema.

Kesho yake karakana ililia tangu alfajiri, msumeno wa chuma na nyundo na zile cheche ambazo majirani wameshazoea. Alasiri akamwita. Kufikia hapo jicho la kulia lilikuwa linaona kama mtu anayetazama kupitia maji machafu, kwa hiyo Mama Breki aliikagua breki kwa mguu. Ilikuwepo. Pedali imara, upande wake, urefu ule ule wa ile ya shule, imevalishwa kipande cha mpira wa tairi ili mguu usiteleze.

"Twende niijaribu," alisema, maana mwalimu ni mwalimu.

Wakauzunguka mtaa. Akakanyaga, gari likasimama. Akakanyaga tena, likasimama tena. Mahali fulani alikanyaga bila sababu yoyote, kwa kuivizia tu, na gari likasimama vile vile.

"Inashika," alitoa hukumu. "Ngumu kidogo, na inachelewa kama nukta moja. Halafu inalia."

Kweli ililia. Springi yake ilikuwa imetolewa kwenye kiti kibovu cha ofisi, na kila ikikanyagwa ilitoa mlio mwembamba, kwiii, kama panya aliyekanyagwa mkia.

"Tia mafuta."

"Nitatia," Fundi alisema.

Siku ya kurudi kutoka hospitali, walimpakia Mama Breki na mto mkubwa magotini, uso umezama ndani ya mto, bandeji jichoni, mguu wa kulia juu ya pedali. Wifi akakaa nyuma tayari kuhesabu. Kabla ya tuta la kwanza, kwiii, na gari likapunguza mwendo. Kwenye kona ya lori, kwiii, likapunguza. Kuna mahali Mama Breki alikanyaga mara nne mfululizo, na gari likatambaa mpaka baiskeli ikawapita ikiwapigia kengele. Fundi hakuguna. Wifi aliposhuka alitangaza matokeo.

"Sifuri," alisema. "Kichwa hakijapanda hata mara moja. Ila hujatia mafuta, kaka, masikio yameniuma."

"Nilisahau," Fundi alisema.

Zikaanza siku za kutazama sakafu. Fundi alikuwa amemtengenezea kitu cha chuma chenye umbo la kwato ya farasi, kimefungwa sponji na kitambaa, cha kuegemezea paji la uso. Mama Breki aliketi hapo kutwa, mbele yake vigae asivyoviona, kwa sababu hata bandeji ilipotolewa jicho lilionyesha weupe mtupu, weupe wa maziwa. Wifi alikuja kila siku kupika na kuongea, na kati ya hayo mawili alikuwa na kipaji zaidi cha pili.

"Wifi," alisema siku ya kwanza, amesimama mbele yake na bakuli la uji na mrija wa kunywea, "tangu uolewe na kaka yangu nimengoja uniinamie hivi. Mungu hujibu."

"Ngoja ninyanyuke."

"Huwezi. Daktari kakataza."

Alhamisi wanawake wa maombi walikuja. Mama Breki hakuona ila aliwajua kwa viatu, kwa vile kila mmoja anavyoviburuta. Wakaimba kidogo, kisha wakamwomba aongoze, hata kwa maneno mawili. Tangu jicho la kushoto alikuwa hajaongoza, na koo la uongo limeshadumu miezi mitano.

"Bwana," alianza hatimaye, akiwa ameinama hivyo hivyo. "Siku ya kumi na tano ni Jumanne. Ninachotaka, kwanza..."

Akakwama. Sebule nzima ikaona machozi yakidondoka moja kwa moja mpaka kwenye vigae, maana mtu aliyeinama machozi yake hayana pa kupitia usoni.

"Sina maelekezo," alisema. "Naogopa. Basi. Amina."

Waliitika amina polepole, na wote waliaga bila zile hadithi za mlangoni. Walipoondoka, wifi alirudi kukaa chini, karibu na miguu yake, akaanza kuchambua mchele.

"Hiyo ndiyo sala yako ya kwanza niliyoielewa," alisema. "Miaka yote unamfundisha Mungu kuendesha. Wifi yangu, mtihani ameshafaulu. Mrudishie leseni yake."

"Na jicho la kushoto?" Mama Breki aliuliza. Sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Pale alikuwa anaendesha nani?"

Wifi aliacha kuchambua. Alikuwa na jibu la kila kitu, tangu ugonjwa wa kuku mpaka ndoa za watu, na Mama Breki akasikia jinsi anavyolitafuta hili na kulikosa.

"Sijui," wifi alisema. "Sitakudanganya. Mimi husema tu, Mungu si Athumani."

"Na huyo Athumani anaingiaje hapa?"

"Sijui vile vile. Lakini nikishasema hulala usingizi mzuri."

Mama Breki alicheka, kitu ambacho hakikatazwi na daktari. Na kuanzia siku ile aligundua kwamba sala zake zimekuwa fupi mno. Zamani angeweza kumshughulisha Mungu saa nzima. Sasa alikuwa akisema naogopa, na baada ya muda, bila kujua anashukuru nini hasa, akasema asante, na kumalizia hapo. Alijihisi mtupu, na mara nyingine alijihisi mjinga. Lakini alikuwa anasali tena.

Siku ya saba walikwenda na kurudi, kwiii njia nzima, na mafuta Fundi alikuwa amesahau tena. Daktari alimulika jicho akiwa amepiga magoti sakafuni ili amfikie kwa chini. "Utando umelala mahali pake," alisema. "Hiyo ni habari njema. Kama utaona au hutaona, hilo bado. Wengine huanza mapema, wengine baada ya miezi. Tusihesabu."

Ikafika Jumanne. Wifi alibaki nyumbani kwa sababu, alisema, moyo wake hauna bima. Wakawa wawili tu garini, Fundi na mkewe, mto magotini, mguu kwenye pedali. Fundi aliimba puani wimbo wake usio na mwanzo wala mwisho, ule wa karakana.

Walikuwa wamevuka tuta la pili Mama Breki alipoona kitu cha kahawia.

Alidhani ni kumbukumbu. Amekaa na weupe siku kumi na tano, akili hujipikia picha. Kilikuwa ukingoni mwa maziwa, upande wa chini, kama mwezi mchanga, na ndani ya mwezi huo mlikuwa na kitu cha kahawia ambacho, mguu uliposogezwa, kilisogea. Akausogeza mguu tena. Kiatu chake. Akaona mkanda wa kiatu, akaona na uzi uliofumuka pembeni ya mkanda, unaning'inia, uzi mwembamba ambao hata mtu mwenye macho mawili angeupita.

Aliogopa kwamba akifungua mdomo uzi utatoweka. Jicho, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, likatoka kwenye kiatu likaenda kukagua pedali.

Mpira wa tairi, kashata zake za kushika barabara bado nzima. Chini ya mpira, nondo fupi. Nondo imechomelewa kwenye bamba, na bamba limefungwa sakafuni kwa skrubu nne, kazi safi kama kazi zote za Fundi. Springi ya kiti cha ofisi. Na baada ya springi hakukuwa na kitu. Hakuna chuma kinachokwenda upande wa dereva. Hakuna waya. Alifuata kwa jicho kushoto na kulia na kurudi tena, na pedali ilisimama pale peke yake, kama mlango usio na nyumba.

Akaikanyaga kidogo. Kwiii. Gari likapunguza mwendo.

Akangoja barabara inyooke na kutulia, kisha akaikanyaga kwa nguvu zake zote mpaka chini. Breki ya kweli ikikanyagwa hivyo ingewapeleka wote wawili kwenye kioo cha mbele. Kwiii, ililia pedali, na gari likapunguza taratibu, kwa ustaarabu, kama mtu aliyeitwa jina anageuka kuitika.

"Fundi."

"Naam."

"Hii breki haijaungwa popote."

Hapo ndipo gari liliposimama kwa ghafla ya kweli. Nyuma yao honi zikaanza. Fundi alilivuta kando ya barabara, akazima.

"Umejuaje?" aliuliza. Kisha sauti yake ikabadilika. "Umeiona?"

"Nimeiona. Na kiatu nimekiona. Kuna uzi unaning'inia."

Fundi aliinamisha paji la uso kwenye usukani, na honi ya kigari chao ikalia yenyewe, ndefu, mpaka wapita njia wakageuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Mama Breki hakuweza kumtazama, kwa sababu uso wake ulikuwa bado umetazama chini, lakini alinyoosha mkono upande wake akaushika mkono wake wenye makovu ya cheche, akaukamata kwa nguvu.

"Ulinidanganya," alisema baadaye, honi ilipokwisha.

"Ndiyo."

"Ungeiunga."

"Uso wako uko chini," Fundi alisema, anajifuta pua. "Hujui mbele kuna nini. Na breki ya kweli mguuni. Mama, si ungetuua sote?"

Mwalimu wa miaka ishirini na miwili akaigusa pedali kwa ncha ya kiatu.

"Lakini gari lilikuwa linasimama," alisema. "Kila nikikanyaga. Hata siku ile ya kujaribu, nilipokuvizia."

"Nilikuwa nasikia."

Mama Breki akaitazama springi. Kisha akaelewa. "Kwa hiyo mafuta hukusahau."

"Sikusahau," Fundi alisema. "Niliiacha ilie, nijue unaogopa wapi."

Magari yalipita. Mama Breki alitazama pedali yake, iliyomfikisha nyumbani na hospitali na nyumbani tena bila kushika kitu chochote. Alizifikiria Alhamisi zote, hatua kwa hatua, usingoje Jumanne jioni, Bwana, mshike mkono wa kushoto. Akaona aibu kidogo, akaona na kichekesho chake. Swali la jicho la kushoto lilikuwepo pale pale, na ndani ya kigari kile hakukuwa na mtu wa kulijibu. Aliitafuta hasira iliyokaa nalo miezi yote ile, akakuta imeondoka, limebaki swali peke yake. Swali angeweza kuishi nalo.

Aliuondoa mguu kwenye pedali, akaurudisha nyuma chini ya kiti, karibu na mwenzake.

"Kichwa kiache chini," Fundi alisema, anawasha gari. "Daktari hajakuruhusu."

"Kwani kimepanda?"

"Hakijapanda."

Wakaingia barabarani. Alikaa hivyo, mikono juu ya mto, miguu miwili imetulia, matuta mawili, kona moja, taa za barabarani. Hata yeye alijishangaa. Walipofika kwenye ule mzunguko mkubwa wa karibu na hospitali, lori likapiga honi ubavuni mwao, na mguu wake wa kulia, bila kumwomba ruhusa, ukaruka mbele.

Kwiii.

Gari likapunguza mwendo.

"Samahani," Mama Breki alisema akiwa ameinama. "Mazoea."

"Usijali," Fundi alisema. "Nimesikia."